Msimu Niliomwonea Wivu Kocha Salma

Kabla hamjashika filimbi, wanangu, jifunzeni kufua jezi. Jezi ya mpira haifuliwi pamoja na taulo, kwa sababu taulo huacha manyoya, na msichana wa miaka kumi na saba hawezi kucheza mbele ya watu akiwa na manyoya mgongoni. Tope usilisugue likiwa bichi. Liache likauke, likung'ute, ndipo uloweke. Hayo niliyajua baada ya kuharibu seti nzima ya jezi za manjano mwaka wangu wa kwanza. Zilitoka kwenye mashine na rangi ya chai ya maziwa, na wasichana wakazivaa hivyo hivyo msimu mzima, maana hatukuwa na nyingine.

Nilifanya kazi miaka kumi na minne katika chuo kimoja hapa Birmingham, upande wa mashariki, karibu na Bordesley Green. Kazi iliyoandikwa kwenye barua yangu ilikuwa kufungua na kufunga ukumbi wa michezo, kupanga viti vya mitihani, na kuzuia watu wasiingie na viatu vya matope. Kazi niliyoipenda haikuandikwa popote. Kule Kakamega nilikuwa mwalimu wa michezo, na nilipoona wasichana saba wakipiga mpira kwenye ukuta wa maegesho ya magari kila saa ya chakula cha mchana, nilishindwa kupita tu. Nikaanzisha timu. Niliifundisha miaka tisa.

Mmeniomba, nyinyi vijana wa kanisa letu mnaosomea ukocha na ualimu, niwaandikie nilichojifunza. Nitawaandikia. Lakini mengi ya maana niliyajifunza katika mwaka wa kumi, wakati timu ile haikuwa yangu tena, na sehemu kubwa ya mwaka huo nilikuwa nimejaa wivu. Sijawahi kuieleza habari hii yote kwa pamoja. Mtu akishastaafu hana pa kufukuzwa, kwa hiyo naieleza sasa.

Kwanza mjue timu ile ilikuwa yangu namna gani.

Mwaka wa kwanza tulikuwa saba tu, tukicheza na timu za watu kumi na mmoja. Refa mmoja aliacha kuandika mabao kwa huruma. Wasichana wangu walikuwa Wasomali, Wapakistani, mmoja wa asili ya Jamaika, na wachache wa kwetu waliozaliwa hapa, wale wanaoelewa Kiswahili cha mama zao lakini wanajibu kwa Kiingereza. Mimi nikipandwa na joto uwanjani, Kiingereza hunitoroka. Nilikuwa napaza sauti, "Rudi, rudi," na wote wakajua kwamba maana yake ni kurudi nyuma kulinda lango. Siku moja kocha wa timu pinzani akawaambia mabeki wake wamkabe huyo Rudi, ndiye hatari, si mnasikia anavyoitwa kila dakika. Wakamtafuta Rudi kipindi kizima cha pili, na sisi tukapata sare yetu ya kwanza.

Nilijifunza kwa kukosea. Msichana akinuna kabla ya mechi, mpe ndizi kwanza, ndipo umuulize ana tatizo gani, kwa sababu mara nyingi tatizo ni njaa. Kwenye basi dogo la chuo hesabu vichwa, usihesabu mabegi. Niliwahi kumwacha kipa wangu Coventry kwa sababu begi lake lilikuwa limekaa vizuri kwenye kiti, limefunikwa koti. Alinisamehe, lakini mama yake alichukua muda.

Mwaka wa tisa akaja Furaha. Alikuwa na miaka kumi na sita, mwembamba, mkimya, mtoto wa mama aliyetoka Bukavu. Nilimwona akiupiga mpira ukutani kwa mguu wa kulia, mara nyingi mfululizo, na kila mara unagonga tofali lile lile. Hakutaka kujiunga na timu kwa sababu mama yake alimkataza. Basi nikaenda mwenyewe Alum Rock, walikokuwa wakiishi juu ya duka la vitambaa, nikiwa na maandazi kwenye mfuko. Mama Furaha hutunza wazee, zamu ndefu, na alinisikiliza akiwa bado na sare ya kazi. Alihofia mpira utamvunja binti yake. Nilikaa karibu saa mbili. Mwishowe akasema, kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Mama Roda, huyu ndiye mutoto niko naye huku. Nakupatia yeye. Umuangalie sawa wako."

Maana yake nimwangalie kama wangu. Mimi na mzee wangu hatukujaliwa mtoto. Neno lile liliniingia ndani kuliko alivyokusudia.

Mwishoni mwa mwaka huo mkuu wa michezo aliniita ofisini, akanitengenezea chai. Nikajua habari si nzuri, maana hakuwa amewahi kunitengenezea chai. Alisema timu imekua, inaingia ligi ya juu ya vyuo, na ligi ile inataka kocha mwenye leseni. Mimi sikuwa nayo. Nilijiandikisha kozi mara mbili na mara zote mbili nikaiacha katikati kwa sababu ya zamu za ukumbi. Chuo kilikuwa kimempata kocha. Mimi ningebaki kuwa msaidizi: jezi, chupa za maji na mkoba wa huduma ya kwanza. Alisema chuo kinathamini sana mchango wangu. Nikanywa chai yote, nikamshukuru.

Kocha mwenyewe alikuwa Salma. Mzanzibari, miaka thelathini na moja, aliyeletwa hapa na wazazi wake akiwa na miaka tisa. Alikuja na leseni yake, kishikwambi cha kuchorea mishale juu ya video za mechi, na koti refu la kijani lenye herufi za jina lake kifuani. Siku ya kwanza alinisalimu kwa heshima zote, akaniita Bi Roda, akaniomba nimweleze kila mchezaji alivyo. Nilimweleza majina. Mengine nikajiwekea.

Sasa niwaambie wivu wa kazini unavyokuwa, kwa sababu watu huwaonya vijana juu ya uvivu na kuchelewa, huu hawautaji. Hauji kama hasira. Unakuja kama umakini. Nilianza kumwangalia Salma kuliko nilivyouangalia mpira. Nilijua anafika saa ngapi, anacheka na nani, anakunywa nini. Aliposali alasiri stoo, kwenye kona aliyoifagia mwenyewe, nilimwonea wivu hata ule utulivu aliotoka nao. Wasichana watatu wakaanza kufunga mitandio yao kama yeye. Alipopata mafua wakamwandikia kadi, wote wakatia sahihi. Miaka tisa mimi nilipata mafua kila Januari, na hakuna aliyewahi kuniandikia hata karatasi ya daftari.

Alibadilisha namna ya kupasha misuli. Mimi nilikuwa nawazungusha uwanja mara mbili, basi. Yeye aliwafanyisha dakika ishirini za kuruka na kutua, kusimama kwa mguu mmoja, kushuka polepole, akisema wasichana huumia magoti kirahisi na wanapaswa kufundishwa kutua. Nilisimama pembeni nikimwambia mlinzi wa geti kwamba timu yetu imegeuka kundi la vyura. Alileta pia fomu. Kabla ya kila mazoezi mchezaji anaandika kama ana maumivu, kuanzia sifuri hadi kumi. Nilisema moyoni, mtu anayewajua wachezaji wake hahitaji fomu.

Jumapili kabla ya mechi yake ya kwanza nilikaa kanisani, macho nimeyafumba, nikaomba timu yangu ifungwe. Jumatano wakashinda mabao matano kwa sifuri. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma ili asijue mtu.

Kilichoniuma zaidi ni Furaha. Zamani, kabla ya mazoezi, alikuwa akija stoo kunisaidia kujaza mipira upepo, na humo ndimo alimosema maneno yake machache ya siku. Sasa alikuwa akikaa na Salma mbele ya kile kishikwambi, vichwa vimegusana, wakiangalia mahali alipopaswa kusimama. Na alizidi kuwa mzuri. Hilo ndilo lilikuwa gumu. Kama angeharibika ningepata la kusema. Kufikia Februari tulikuwa tunaongoza ligi, na klabu moja kubwa ya mjini ilimwalika Furaha kufanyiwa majaribio kwenye timu yake ya wasichana, mwishoni mwa Machi. Salma ndiye aliyewaandikia barua. Nilipata habari kwa kipa.

Basi, Jumatano moja kabla ya mechi, Furaha akaja stoo peke yake. Akafunga mlango. Kwa kawaida alinijibu kwa Kiingereza, lakini siku ile alisema kwa lugha ya mama yake. "Anti, goti inaniuma kidogo. Nifungie. Lakini usimuambie Kocha, atanitoa, na majaribio iko karibu."

Ningetaka kuwaambia kwamba nilisita. Sikusita. Nilifurahi. Moyo wangu ulifunguka kama dirisha, kwa sababu alikuwa na shida na hakwenda kwa Salma, alikuja kwangu. Nikamkalisha juu ya sanduku la mipira.

Kufunga goti ninakujua vizuri, na nitawaeleza, kwa kuwa ujuzi wenyewe hauna kosa. Mweke mchezaji kisigino juu ya kitu kidogo ili goti lilegee, lisiwe limenyooka kabisa wala kukunjika sana. Ngozi iwe kavu. Plasta ianzie chini ya goti kwa nje, ipande kupitia ubavuni, nyingine itoke upande wa pili, zikutane juu. Usiizungushe duara nzima kwa nyuma, utabana mishipa. Halafu mwambie achuchumae mara tatu na umtazame uso, usitazame goti. Nilimtazama uso. Mara ya tatu alikaza midomo. Nikaona, nikamvutia suruali yake ya kubana juu ya plasta, nikamwambia nenda.

Kwenye fomu aliandika sifuri.

Tulifanya hivyo mechi tatu. Kila Jumatano alikuja, tukafunga mlango, na zile dakika kumi zilikuwa bora kuliko wiki yangu yote. Salma akipita nje na koti lake la kijani, nilikuwa najiambia: kuna jambo hulijui. Nilimshinda kwa jambo moja, na jambo lenyewe lilikuwa goti la mtoto linalouma.

Mechi ya tatu ilikuwa nyumbani, dhidi ya chuo kutoka Wolverhampton. Tulikuwa mbele bao moja. Furaha alipokea mpira katikati, akageuka, na hakuna aliyemgusa. Aliketi chini kama mtu aliyekumbuka kitu. Kisha akashika goti kwa mikono miwili. Hakulia. Salma alifika kabla yangu.

Ambulensi ilipokuja, mhudumu mmoja, mwanamke mwenye sauti ya upole, alikata ile suruali kwa mkasi. Plasta yangu ikaonekana, nyeupe, safi, imefungwa vizuri kabisa. Akauliza nani alifunga, na goti limekuwa likiuma tangu lini. Salma alikuwa anaitazama ile plasta kama barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua.

Furaha akasema amefunga mwenyewe.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, mkoba wa huduma ya kwanza begani. Sikusema kitu.

Kano ilikuwa imekatika. Upasuaji, halafu karibu mwaka mzima bila mpira. Majaribio yalikwisha kabla hayajaanza. Daktari alisema goti lililokuwa linauma wiki tatu lilihitaji kupumzishwa na kuangaliwa, si kufungwa. Na kwenye chuo swali likawa moja: plasta ile haikufungwa na mtoto, basi kocha aliwezaje kutojua? Hawakumsadiki Furaha. Walifikiri Salma alimchezesha akijua, kwa kutaka ubingwa. Wakamwambia akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe.

Mkuu wa michezo akaja ukumbini kuniona. Zimebaki mechi mbili, akasema, na hakuna mwingine anayewajua wasichana hawa. Akaniomba nishike timu kwa muda. Ligi ingeelewa.

Hapa ndipo ningeomba mnisome polepole. Nilikubali. Alhamisi ya wiki iliyofuata nikatoka uwanjani na filimbi shingoni, baridi ikiuma masikio, na nilipoipuliza wasichana wote wakageuka kuniangalia, na kwa muda mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Birmingham nzima. Niliwazungusha uwanja mara mbili kama zamani. Mmoja wao, nahodha, akaniuliza kama wanaweza kwanza kufanya zile za kuruka na kutua. Nikamwambia hapana.

Kesho yake, mchana, Mama Furaha akanipigia simu. Nilikuwa napanga viti vya mitihani. Alizungumza kwa sauti ya chini, nadhani alikuwa kazini. Aliniambia mtoto analala vizuri sasa, na kwamba yule kocha wa pili ndiye aliyemharibia mtoto, yeye na haraka yake ya kushinda. Kisha akasema, "Lakini wewe, mama, aksanti. Najua ulimuangalia."

Nilikaa kwenye kimoja cha vile viti. Vilikuwa mia moja na ishirini, vimepangwa kwa safu, na mimi peke yangu. Alikuwa ananishukuru. Kama angenitukana ningeweza kuvumilia siku nyingine mbili tatu, labda wiki, labda mpaka msimu uishe, najijua. Shukrani sikuiweza.

Nilikwenda ofisini kwa mkuu wa michezo nikamwambia yote, kuanzia ile chai ya ofisini kwake mpaka mechi ya tatu. Sikuwa na mpangilio. Aliniacha nimalize, akaniuliza kwa nini, nikamwambia sijui, na huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho katika jambo lile. Nilipewa barua ya onyo. Nikaondolewa kwenye timu, nikaachiwa ukumbi. Salma akarudishwa Jumatatu.

Jumatatu hiyo hiyo akaja ukumbini. Hakuvaa lile koti. Mtihani ulikuwa umekwisha na nilikuwa nakusanya viti, akachukua kimoja akakaa, mimi nikabaki nimesimama.

"Bi Roda," akasema, "mimi nilikukosea nini?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Yakatoka machache. "Hukunikosea," nikamwambia. "Ulifika tu."

Akajibu, "Hilo siwezi kukuomba radhi."

"Sitaki uniombe."

Akasema kwamba aibu ya kukaa nyumbani wiki nzima, na baba yake kuulizwa msikitini binti amefanya nini, hiyo anaweza kuimeza. Kitu ambacho hawezi kukimeza ni kwamba mtoto alikuja kwa mtu mzima akasema naumwa, na mtu mzima akafurahi. Sikuwa nimemwambia kwamba nilifurahi. Alikuwa ameliona mwenyewe. Halafu akauliza kama nimekwenda kwa mama yake. Nikasema bado.

"Nitakupeleka kwa gari," akasema, "lakini sipandi juu. Maneno hayo ni yako."

Alinipeleka jioni ile. Barabara ya Alum Rock ilikuwa imejaa, watu wananunua nyama na nguo, na tulikaa kwenye foleni ndefu ya magari. Nikapanda zile ngazi bila maandazi. Mama Furaha alinifungulia akitabasamu, akavuta kiti, akaelekea jikoni kuweka maji. Nikamwambia asiweke, asikie kwanza. Nilisema nikiwa nimesimama. Furaha alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya mito, anaangalia simu bila kuisoma.

Mama yake hakupaza sauti. Alisema maneno manne tu: "Nilikupatia yeye, mama Roda." Kisha akaenda dirishani akasimama, mgongo kwangu, muda mrefu mpaka nikafikiri nitoke.

Furaha akaweka simu chini. Alisema kwa Kiingereza kwamba si kosa langu, yeye ndiye aliyeniomba.

"Ulikuwa na miaka kumi na saba," nikamwambia. "Mimi nilikuwa na hamsini na tisa."

Nilipofika mlangoni mama yake akaniita, bila kugeuka. Alisema Jumanne mtoto ana randevu, yaani miadi, hospitali, na yeye yuko kazini. "Utamupeleka wewe. Kila Jumanne." Sijui kama ilikuwa adhabu au kitu kingine. Sikuuliza. Nilimpeleka Jumanne ile, na Jumanne zote za miezi tisa.

Mechi ya mwisho iliamua ubingwa. Ilichezwa upande wa Edgbaston, kwenye nyasi bandia nzuri zilizozungukwa na miti mikubwa, na mimi nikaitazama nikiwa nje ya uzio, kwa sababu barua yangu ya onyo ilikataza kuingia. Nilishika waya kwa vidole. Tulihitaji sare. Tulifungwa mapema, tukahangaika, na dakika za mwisho nahodha akaruka kupiga kona kwa kichwa, akatua kwa miguu miwili vizuri kama alivyofundishwa, mpira umo wavuni. Sare, bao moja kwa moja. Filimbi ilipolia walimkimbilia Salma, wakamzunguka mpaka sikuliona koti. Furaha alikuwa benchi na magongo yake, anacheka.

Nilifurahi, sitawadanganya. Lakini roho iliniuma vile vile, tena sana, kwa mahali pale pale. Nilidhani kukiri kungenisafisha. Kukiri kulisafisha jina la Salma, ndiyo kazi yake. Wivu wenyewe ulibaki. Nilirudi nyumbani kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na mzee wangu aliponiuliza matokeo nikamwambia tumekuwa mabingwa, akauliza mbona uso uko hivyo, nikamwambia hawakuwa mabingwa na mimi. Alinipakulia chakula. Ni mtu mwenye busara.

Baadaye Salma aliniruhusu kurudi, kwa jezi tu, bila ule mkoba. Tulifanya kazi pamoja miaka iliyobaki mpaka nikastaafu. Hatukuwa marafiki. Tulikuwa tunaheshimiana kwa uangalifu, kama watu wawili wanaobeba kioo. Nilijifunza jambo moja la kufanya, nawapa mlitumie: nilipoona jambo kwa mchezaji, nilimwambia Salma palepale, kabla sijaanza kuona raha kwamba nalijua mimi. Nilipokuwa na wivu mkali sana nilimwambia pia. "Leo nakuonea wivu, Kocha." Mara ya kwanza alishtuka. Baadaye akawa anajibu, "Haya, Bi Roda, nimesikia," na tukaendelea kupanga koni.

Masika ya mwaka uliofuata upasuaji, Furaha alicheza mechi yake ya kwanza kamili, na timu ya wanawake ya mtaani, Jumapili mchana kwenye bustani ya umma. Nilitoka kanisani moja kwa moja na kitambaa changu kichwani. Mama yake alikuwepo, tukasalimiana. Salma alikuwa upande wa pili wa uwanja, amesimama peke yake, mikono mifukoni.

Furaha alicheza kama mtu aliyefunguliwa mlango. Alifunga bao kipindi cha kwanza, akatengeneza lingine. Karibu yangu alisimama mzee mmoja mwenye mbwa, mwenyeji wa hapa, wa wale wanaoangalia mpira popote unapochezwa. Alinisikia nikimwita Furaha kwa jina. Akaniuliza, nani aliyemfundisha yule binti mpira?

Ningeweza kusema ni mimi. Isingekuwa uongo, ingekuwa nusu ya kweli. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Kocha Salma," nikamwambia. "Yule pale, mwenye koti la kijani."

Akashukuru, akavuta mbwa wake, akazunguka uwanja kwenda kumpa mkono. Niliwaona wakizungumza. Niliona Salma akiinama kumpapasa mbwa, akicheka, akionyesha mkono kuelekea uwanjani. Mimi nikabaki nilipokuwa, na iliniuma kwelikweli, na mechi ilikuwa imebakiza dakika ishirini, nikaitazama yote.